Mama Yangu, Mwosha wa Mtaa

Enzi zetu sie watoto wa Temeke, habari ya msiba haikuhitaji simu. Ulimtazama mama yangu tu. Ukimwona asubuhi na sinia la vitumbua kichwani, mtaa mzima salama. Ukimwona kajifunga kanga kibwebwe, mkononi kata ya kifuu, kwapani furushi la majani ya mkunazi, basi kuna nyumba imefikwa. Watu walichungulia kutoka barazani, "Bi. Asha, wapi leo?" Naye anataja jina la nyumba, hasimami, hageuki. Wanawake wakaanza kutafuta mitandio yao.

Ndiyo, mama yangu alikuwa mwosha maiti. Leo nalisema wazi, ingawa nimekaa miaka mingi nikiwaambia watu mama yangu anauza vitumbua. Vitumbua aliuza kweli, na ndivyo vilivyonisomesha. Lakini akifa mwanamke kwetu, awe bibi kizee au kichanga cha kike, aliyeitwa kumwosha alikuwa yeye. Alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka hamsini, bila malipo. Na kwangu mie, mtoto wake wa pekee, alikuwa na ombi moja tu maisha yake yote: siku yake ikifika, niingie ndani, nishike kata, nimwoshe na mie. Hakuomba nyumba. Hakuomba kupelekwa Makka. Aliomba hilo. Basi nawasimulia nyie wa rika langu, mliosugua masufuria kwa majivu na kupikia michanga kwenye vifuu, mnihukumu wenyewe.

Baba alikuwa fundi seremala Keko. Nilikuwa na miaka saba alipofariki. Aliumwa kifua siku tisa, na siku ya kumi wenzake wa karakana wakaingia uani kwetu kimya kimya, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi zao. Sikuelewa. Nilidhani wamekuja kula. Kitanda cha kamba cha kuoshea maiti wa mtaa alikuwa kakitengeneza baba mwenyewe, kwa mninga mzuri, akakitoa wakfu msikitini. Na yeye akaoshewa juu yake.

Mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya chumba kimoja, hana wanja, hana marashi, hana kutoka. Mie nilikuwa nalala miguuni kwake. Siku alipotoka eda alioga, akavaa kanga mpya, akasimama uani akilitazama jua kama mtu aliyetoka kuumwa. Kesho yake akaroweka mchele. Ndugu wa baba waliokuja kumwambia arudi kwao Kisarawe aliwapa vitumbua, wakala, wakaenda zao. Alipata wachumba pia, msidhani. Alikuwa mwanamke mzuri mama yangu, mweusi wa kung'aa, shingo ndefu. Aliwajibu wote jawabu moja, kwamba nyumba yake imeshajaa. Nyumba yenyewe tulikuwa wawili.

Jamani, vile vitumbua! Sisemi kwa kuwa ni mama yangu. Siku hizi mtu anakuuzia kitumbua kimejaa mafuta, ukikikamua unapata ya kukaangia samaki. Vya mama vilikuwa vya mchele uliolowekwa, ukatwangwa kwenye kinu, ukatiwa tui la nazi niliyokuna mie mwenyewe nimekalia mbuzi huku nasinzia, na hiliki ya kunusa mpaka nyumba ya kumi. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Nikifumbua macho nilikuwa naona mwanga wa moto wa kuni ukicheza ukutani, na kivuli cha mama kinapinda na kunyooka, kinapinda na kunyooka. Mpaka leo nikinusa hiliki nasikia usingizi.

Aliyemtia kwenye kazi ile nyingine ni Bi. Pili, mwosha wa zamani wa mtaa, ambaye mikono yake ilishaanza kutetemeka. Alikuja siku moja mama anaanika mchele, akamwambia, "Asha, mume uliyekuwa ukimwogopea kifo ameshaondoka. Njoo unishikie kata." Mama akafuta mikono, akaenda. Bi. Pili mwenyewe alipokufa, aliyemwosha alikuwa mama. "Mwosha huoshwa," walisema wanawake wote uani, na mama akawaitikia, "Na mie mtaniosha, msijali." Nilisikia hilo nikiwa na miaka tisa na likaniingia baridi.

Lakini utoto haukai na baridi muda mrefu. Sie tulikuwa watoto wa kucheza, si hawa wa siku hizi ambao ukimnyang'anya simu anaumwa homa. Tulicheza rede mpaka vumbi linatufanya sote tufanane. Tulicheza mdako, kombolela, tukapikiana michanga, tukaozeshana. Uani kwetu palikuwa na ule mkunazi, na watoto wa mtaa mzima walijua kunazi zikiiva ni zetu sote. Tunda letu, majani ya maiti. Hatukuona ajabu yoyote. Tulikuwa tunakula kunazi na kutema kokwa huku mama anachuma majani kwenye tawi lile lile, anatuambia, "Msinivunjie matawi, nina mtu leo."

Rafiki yangu alikuwa Zuhura, nyumba ya pili. Yule alijua kulia kwa uongo kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Kwa hiyo tukicheza msiba, yeye ndiye mfiwa. Ndiyo, tulicheza msiba. Tulichukua gogo la mgomba, tukalilaza juu ya kuti, Zuhura akapiga kelele za kilio mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia, na mie, mtoto wa mwosha, nikaosha. Siku moja mama akatufuma. Nilijua leo nakula fimbo. Badala yake akachuchumaa pembeni yangu, akaliangalia lile gogo. "Umeanzia kushoto," akasema. "Anza kulia. Na mfunike, mwanangu. Maiti ana haya kuliko aliye hai." Akatuonyesha jinsi ya kuingiza mkono chini ya kanga bila kufunua. Akafundisha kwa upole, kama anafundisha kusuka ukili. Alifurahi siku ile, nilimwona. Alidhani amepata mrithi.

Alhamisi ilikuwa siku ya miguu. Mama alikuwa akitembea peku au na kandambili zilizokwisha, Temeke hadi Chang'ombe, Kurasini, mpaka Keko kuwapelekea mafundi vitumbua vyao, kwa hiyo visigino vyake vilijaa magaga ambayo ungeweza kutumbukiza humo punje ya mchele. Alhamisi baada ya alasiri alikaa kwenye kigoda uani, miguu ndani ya karai la maji ya moto, na mie namsugua kwa kigae cha chungu kilichovunjika. Naijua ile miguu. Wa kushoto ulikuwa na kovu la msumari aliokanyaga karakana, siku alipompelekea baba chakula wakiwa bado wachumba. Wa kulia kidole cha mwisho kilimpanda mwenzake. Nikimtekenya unyayo anajikaza, anakaza, halafu anacheka mpaka maji yanamwagika. "Hii miguu mwenyewe wewe," alikuwa akiniambia. "Mie naitembelea tu."

Ngoja niseme lililotokea chuoni, kwa mwalimu wetu wa Kurani, maana pasipo hilo mtaniona mtoto mbaya bila sababu.

Mama hakupokea malipo ya kuosha, lakini wafiwa wakimpa kanga ya marehemu alipokea, kwa sababu kukataa ni kuwatia watu unyonge. Mwaka mmoja Idd ilikaribia, hatuna kitu. Akachukua doti ya kanga mpya kabisa aliyopewa, nyekundu yenye korosho nyeupe, akanishonea gauni kwa mkono. Nikaenda nalo chuoni nikijiona bibi harusi. Tumekaa mkekani tunasoma, mtoto mmoja akanitazama, akanitazama tena, akasimama. "Hiyo kanga ya bibi yangu! Ruki kavaa kanga ya maiti!" Lo! Mkeka mzima ukahama. Nikabaki nimekaa peke yangu upande mmoja, wenzangu wamebanana upande wa pili kama mkekani kumemwagika maji. Zuhura ndiye peke yake aliyerudi akakaa pembeni yangu, akaendelea kusoma kwa sauti kubwa, makosa matupu.

Tangu siku ile sikuweza kula kitu kilichoshikwa na mkono wa mama. Sikusema. Nilikuwa nasema nimeshiba, tumbo linauma, nitakula baadaye. Mama si mjinga. Hakuuliza. Asubuhi moja nikaona anavitoa vitumbua vyangu kwa mwiko, anaviweka kwenye sahani bila kuvigusa, anaisukuma sahani kwangu kwa ncha ya ule mwiko. Nikala. Njaa haina aibu. Akaendelea hivyo hivyo, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka nikaolewa.

Sasa Zuhura.

Tulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ilikuwa siku ya tano baada ya Idd, bado tuna hina. Tulipakana wenyewe, mie nilimchorea miguuni maua ambayo hayakufanana na maua yoyote ya dunia hii, akanicheka. Jumamosi tulicheza rede. Jumapili akashikwa homa. Jumanne alfajiri nilisikia mlango wetu unagongwa, na mama akatoka na kata.

Mama alikosea siku ile. Nimekaa na jambo hili miaka zaidi ya hamsini na nasema alikosea, Mungu amrehemu. Alirudi nyumbani, akanikuta nimejikunyata kitandani, akaniambia, "Inuka, Ruki. Mwenzio hana dada. Njoo unisaidie kummwagia maji." Alidhani ananipa heshima. Kwao wao, watu wa zamani, kumwosha umpendaye ni zawadi ya mwisho, na mtoto aliyelifahamu gogo la mgomba atamfahamu na mtu. Sikujua kukataa. Nikaingia.

Nyumba zetu zilikuwa na sakafu ya udongo, na wanaume walishachimba ndani ya chumba lile shimo refu, ufuo, ili maji ya kuoshea yazame pale pale. Juu yake kile kitanda cha baba. Wanawake wawili wameshika shuka juu, chumba kinanuka karafuu maiti na udi. Mama akanipa kata, akaniambia nisimame upande wa chini. Nikatazama chini. Ile shuka ilikuwa fupi. Nikaiona miguu, na yale maua yangu ya hina, mekundu, kama nilivyoyachora, na katikati ya vidole bado kuna vumbi la rede.

Nilikimbia. Kata iliniponyoka ikapasuka, nikapita katikati ya wanawake, nikapita kwa mama yake Zuhura ambaye alininyooshea mikono, nikajifanya simwoni, nikakimbia mpaka Keko. Nikajificha kwenye karakana ya wenzake baba, nyuma ya mbao, ndani ya maranda. Wale mafundi waliniona, wakaniacha. Jua lilipokuwa linazama mama akaja. Hakunifokea. Alikaa kwenye maranda kando yangu, nguo zake bado zina unyevu. Halafu akanishika mkono ili twende nyumbani, na mie nikauchomoa mkono wangu. Nikatembea nyuma yake, hatua kumi, njia nzima. Sikucheza rede tena, na Alhamisi iliyofuata nilisema nina masomo. Alisugua miguu yake mwenyewe.

Hakuniita tena kwenye kazi yake. Hata mara moja.

Miaka ilipita jinsi inavyopita. Nilisoma, nikapata ukarani, nikaolewa, nikahamia Kawe, nikazaa wanne. Mama akabaki Temeke na vitumbua vyake. Tulimwomba aje akae nasi, akasema huko Kawe hamjui mtu, akifa ataoshwa na wageni. Alitengeneza kata nyingine, na nyingine tena ile ilipochakaa. Aliosha mabibi, akaosha binti zao, nyumba nyingine akaosha na wajukuu, na mwaka ule maradhi yalipopita mitaani yakichukua wasichana wabichi, kuna watu walikuwa wanaogopa kuingia, yeye aliingia. Alichokiona ndani kilibaki ndani. Sijawahi kumsikia akisema fulani alikuwa hivi, fulani tulimkuta vile. Nilipomuuliza, alisema, "Wamenivulia nguo zao, Ruki. Utawasemaje?"

Alizeeka. Macho yakapungua, mgongo ukapinda. Mwanafunzi wake Da Tausi, mjane kama yeye, akachukua kata, na mama akawa anapelekwa msibani kwenda kukaa tu kwenye kiti karibu na mlango na kuuliza, "Mmeanza kulia?" Akapata vitukuu kumi na mmoja. Jamani hawa watoto! Kitukuu mmoja alikuja Temeke na chipsi zake kwenye mfuko, akasimuliwa kazi aliyokuwa akifanya bibi mkubwa. Akaziacha chipsi, akatoka mbio mpaka kwenye gari la baba yake, akafunga milango. Mama alicheka mpaka akakohoa. "Kamfuata bibi yake huyo," akasema, na macho yake yasiyoona yakaelekea nilipokaa.

Na misiba yao, nyie mmeiona. Kwanza kamati, halafu kundi la simu, halafu sare. Mtu hajaingia kaburini, wanabishana zambarau au nyeupe. Wanaweka picha ya mshumaa kwenye simu, imekwisha, ameshalia. Binti yangu wa mwisho, Saada, ndiye bingwa wao. Kucha za bandia ndefu hivi, kope za kubandika, nikimwambia osha sahani ananiambia, "Mama, kucha." Nilimsema kila siku. Nilimwambia enzi zetu binti wa umri wako alikuwa anatwanga, anakuna, anazika. Aliniangalia tu na zile kope zake. Kila mwisho wa wiki alikuwa anakwenda Temeke kwa bibi yake, na mie nilidhani anafuata vitumbua.

Mama aliniuliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na mimba ya kwanza. "Ruki, siku yangu utaingia?" Nikamwambia, "Mama, acha uchuro." Mara ya pili ilikuwa baada ya mume wangu kufariki, nami niko eda, amekuja kukaa nami. Aliuliza kwa sauti ndogo. Nikasema, "Acha uchuro, mama, bado uko sana." Mara ya tatu ni mwaka juzi, alishapita miaka tisini, amekonda, mwepesi, nimemnyanyua kumweka kivulini chini ya ule mkunazi. Akanishika mkono. Safari hii sikuuchomoa. Akauliza. Nikasema, "Tutaona, mama." Akapapasa vidole vyangu kimoja kimoja, akasema, "Haya. Tutaona."

Alifariki Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, usingizini. Saada alikuwa kwake, ndiye aliyenipigia. Nilifika Temeke saa mbili na nusu, uani kumejaa, wanawake wakanipokea kwa kilio. Sakafu siku hizi ni ya vigae, ufuo hauchimbwi, wameweka meza ya bati ya msikitini na mabeseni chini yake. Da Tausi akatoka, kajifunga kibwebwe kama mama, akaninong'oneza, "Ruki, maji tayari. Waingia?"

Nikasema, "Nakuja."

Nikaenda mpaka mlangoni. Nikashika pazia. Kile chumba nakijua, ndimo nilimolala miguuni kwake. Nikasikia kata inachota maji, nikasikia yanavyoanguka. Saada akanipita. Nilimtazama mikono, haina kucha. Alizing'oa zote, zile zilizobaki zake zina damu pembeni. Kope amebandua. Kafunga kichwa. Akaniambia, "Mama, twende?" Nikasema, "Tangulia, nakuja." Akaingia, pazia likarudi mahali pake.

Nilisimama pale. Miaka sitini na saba ninayo, nimezika mume, nina wajukuu, na pale mlangoni nilikuwa yule yule mtoto wa miaka kumi na mitatu. Kila nilipotaka kusogeza pazia niliona hina. Nikasema bismillahi. Nikasema sasa. Nikasikia Da Tausi anasema kwa ndani, "Kulia kwanza, mwanangu," na Saada anaitikia, "Najua, bibi alinifundisha." Nikasikia maji ya mkunazi, nikasikia harufu ya karafuu maiti, ya maji ya mwisho. Halafu kukawa kimya. Maji yalikoma kabisa, muda mrefu, nikadhani wamemaliza. Nje wanaume wakaanza kuuliza kulikoni, jua linapanda. Ndani bado kimya. Kisha kata moja ya mwisho ikamwagika, taratibu, na nikasikia Saada analia.

Da Tausi akatoka na mikono yenye maji. Alinitazama, akanivuta pembeni, kwenye kona ya jiko la mama.

"Tumekungoja, mdogo wangu," akasema. "Maji ya mwisho tumeyashusha toka kichwani mpaka magotini, tukasimama. Tulikuachia miguu."

Sikuelewa. Nikamuuliza, miguu gani.

"Mama yako ndivyo alivyousia. Alisema Ruki akija, mwili wote osheni nyie, mwacheni na miguu. Alisema ile yake unaijua."

Nikamwambia, Da Tausi, ungeniambia! Ungeniambia pale mlangoni, neno moja tu, ningeingia! Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka.

"Alinikataza," akasema. "Alisema, 'Msimwite, msimvute. Nilimvuta siku moja, nikakosea. Safari hii aje mwenyewe.' Wanaume wamehimiza mara tatu, Ruki. Saada ndiye amemalizia."

Tulimzika baada ya adhuhuri. Nilimwona usoni, walinifunulia, nikambusu paji la uso. Lakini miguu ilikuwa imeshafungwa ndani ya sanda.

Siku hizi ule mkunazi haupo. Wamejenga fremu za maduka pale uani, moja inauza vocha, nyingine kucha za bandia. Majani ya kuoshea yanaagizwa yamekaushwa, yamo kwenye pakiti pamoja na pamba, sabuni na glavu, kila kitu tayari, ufungue tu. Watoto wanapita hawajui kunazi ni nini. Enzi zetu tulikuwa na sakafu ya udongo, na njaa, na maiti aliyeoshwa chumba alimolala. Na tulikuwa na mama zetu, wakituomba kitu kimoja.

Alhamisi jioni nakaa na karai langu hapa Kawe. Nami nina magaga sasa, na cha ajabu kidole changu cha mwisho cha kulia kimeanza kupanda mwenzake. Wiki iliyopita Saada alikuja, akajitupa kwenye kochi, kucha zake mpya ndefu kuliko zile za kwanza, anabofya simu. Nilitaka kumsema. Badala yake nikajikuta namuuliza, kwa sauti ndogo kama ile ya mama, "Saada, siku yangu utaingia?"

"Nitaingia, mama," akasema. Hata hakuinua macho kwenye simu.

Maneno mawili tu. Mama yangu aliyangoja kwangu mpaka maji yakapoa.